Ng'ombe Miguu Juu

Pale Kashebere, ukitaka kumkasirisha Mama Joséphine-Marie, tupa kipande cha kikwembe, kitenge cha huku, mbele yake. Wee tupa tu, hata kiwe kidogo kama kiganja cha mtoto, halafu ukae uone. Atakiinamia, atakikung'uta vumbi, atakutazama kwa jicho lile la kukuuliza ulilelewa na nani, na kipande kitaingia kwenye gunia lake. Gunia lenyewe lilikaa nyuma ya mashine yake ya kushonea, katika kibanda cha mbao kando ya barabara, limetuna kuliko mwenye kibanda. Mume wake, Papa Athanase, alikuwa akilizunguka kila asubuhi akitafuta viatu vyake, akisema kwamba siku moja litazaa.

Basi habari ilipofika kwamba binti yao Elodie amejifungua huko Bihambwe, mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya kuamsha kijiji, majirani walipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Mama Joséphine-Marie naye alipiga, tena kwa nguvu zote, maana huyo alikuwa mjukuu wake wa kwanza. Halafu akaingia kibandani, akalishika gunia kwa pembe zake mbili, akalimwaga lote chini.

"Leo njo leo," akasema.

"Unatafuta nini?" Papa Athanase akauliza.

"Bulangeti ya mujukuu wangu. Iko humu ndani. Inabakia kuishona tu."

Usicheke. Alikuwa na sababu yake, na sababu hiyo ilikuwa inamuuma. Elodie aliolewa juu huko Masisi, kwa watu wa ng'ombe. Bayingana, mume wake, alianza kwa kuleta jibini kwenye soko la Kashebere. Akaleta wiki hii, akaleta wiki iliyofuata, akaleta hata siku ambazo jibini la juzi lilikuwa halijanunuliwa, na kila mara alilazimika kupumzika mbele ya kibanda cha Mama Joséphine-Marie, ambako Elodie alikuwa akishona vifungo. Jibini gani hilo lisilo na mnunuzi lakini haliachi kuja? Mama alishtuka amechelewa. Ndoa ilifungwa kanisani, wali ukaliwa, nyimbo zikaimbwa kwa lugha zote zilizokuwepo, na binti akapanda milima.

Kijana mwenyewe alikuwa mzuri, hilo mama hakulikataa. Aliyemkaa rohoni ni mama yake Bayingana, Mama Nyirakamana. Siku ya ndoa mama huyo, mrefu, mwembamba, alimsalimia kwa ncha za vidole, akasema maneno mawili matatu, akanyamaza hadi jioni. Labda ni aibu, labda ni kiburi. Mama Joséphine-Marie aliamua ni kiburi, na akishaamua kitu, kukitoa kichwani mwake ni kazi ya watu wawili na shoka.

Sasa, pale chini katikati ya vipande vyake, wazo lilimjia likamkata maini. Mtoto atakua huko juu, mgongoni mwa bibi mwingine. Atajifunza kusema kama bibi huyo, atakunywa maziwa ya bibi huyo, na siku yeye atakapofika na vumbi lake la njiani, mtoto atajificha nyuma ya kikwembe cha bibi huyo aulize: huyu mama ni nani? Machozi yalimtoka waziwazi. Barabara ya Bihambwe si ya kwenda kila Jumapili. Kuna matope, na kuna miezi haipitiki kwa sababu ambazo kila mtu wa huku anazijua. Basi kama yeye mwenyewe hawezi kukaa huko, mikono yake itakaa. Mtoto atalala chini ya mikono ya bibi yake wa Kashebere kila siku ya Mungu. Walipokee tu blanketi. Wasilifungie sandukuni likae na dawa ya mende. Hilo tu ndilo aliloomba, na aliliomba kwa sauti.

Blanketi la vipande si kiraka cha suruali, hulishoni huku unaangalia wapita njia. Mama alianza na maji. Kila kipande kipya alikilowesha kwenye beseni la maji ya chumvi, maana kikwembe kipya hunywea na kutoa rangi baada ya kushonwa, na rangi nyekundu ikiamua kutoka haiombi ruhusa. Kila chekundu alikisugua kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kilichochafua cheupe kilirudi guniani bila kusamehewa. Halafu akakata kipimo cha mraba kwenye katoni ya sabuni, pembe zote sawasawa, na kila kipande akakikata kwa kipimo hichohicho, hata pale mkono ulipomwambia umeshazoea.

"Macho inadanganya," alimwambia Papa Athanase, ambaye hakuwa amemuuliza kitu. "Katoni haidanganye."

Vipande vyenyewe alivichagua kama mtu anayeandaa ugeni. Kulikuwa na shati la bluu ambalo Elodie alisomea shule ya msingi. Kulikuwa na kikwembe kilichopauka ambacho alimbebea Elodie mgongoni, na kingine cha majani ya kijani cha marehemu mama yake, aliyezaliwa na kuzikwa Ntoto. Kulikuwa na kipande cha sare ya kwaya. Juu ya vyote, kulikuwa na kikwembe cha ng'ombe. Alikikuta sokoni, cha manjano, ng'ombe wa kahawia wenye pembe ndefu wamejaa kila mahali, na alipokiona alipiga ukelele mpaka mchuuzi akashika kifua. Watu wa ng'ombe utawapelekea nini, kama si ng'ombe?

Alivipanga vyote sakafuni bila kushona, akapanda juu ya kiti, akafinya macho yakabaki mistari. Ukifinya macho hivyo, maua na michoro hupotea, hubaki weusi na weupe wa rangi, na pale ulipolundika vyeusi vingi utapaona kama shimo. Akashuka, akahamisha, akapanda tena. Ng'ombe ndio waliomsumbua. Wote walitazama upande mmoja.

"Ni kama bantu benye kungojea kupiga kura," akasema kwa hasira.

Akawageuza. Huyu kichwa juu, huyu kichwa chini, huyu akalala kushoto, huyu kulia, na ghafla blanketi likaanza kucheza. Papa Athanase, mtegaji hodari wa msitu wa Ntoto tangu ujana wake, alisimama mlangoni akainamisha kichwa.

"Hizi zenye miguu juu njo zinanipendeza," akasema. "Nikiziangalia nasikia ata harufu ya nyungu."

Mama alifurahi sana. Mume wake si mtu wa kusifu ovyo, mara ya mwisho alisifu siku ya kipaimara cha Elodie.

Akashona safu kwa safu. Kila mshono aliulaza kwa pasi ya makaa kuelekea upande wa kitambaa cheusi zaidi, ili weusi usichungulie chini ya cheupe. Katikati akaweka blanketi la zamani lililolainika kwa kufuliwa, chini akaweka shuka gumu, akazinyoosha tabaka zote pamoja sakafuni, akazibana kwa pini, na kuanza kuzipitishia sindano kwa mkono kutoka katikati kwenda nje. Ukianzia pembeni, katikati patavimba kama andazi. Ukingo aliuzungushia utepe uliokatwa mshazari, maana wa mshazari hupinda kwenye kona bila kununa. Alipomaliza alilala juu yake kidogo tu, kulijaribu, na Papa Athanase akamkuta anakoroma adhuhuri.

Safari aliifanya nyuma ya pikipiki, blanketi limefungwa kwenye plastiki katikati yake na motari, kiasi kwamba motari alilalamika anabeba watu wawili. Walipita Nyabiondo, wakapita Masisi mjini, msitu ukabaki nyuma, na mbele yao kukawa na nyasi tupu juu ya vilima na ng'ombe wamesimama huko juu utadhani wamebandikwa. Baridi ilimwingia mpaka kwenye magego. Alifurahia baridi hiyo. Mtoto wa mahali kama hapa, alijisemea, atahitaji blanketi au hatahitaji?

Alifika siku yenyewe ya kumpa mtoto jina. Ua ulikuwa umejaa watu wa ukoo, na Elodie akaja mbio akamrukia kabla hajashuka vizuri.

"Mama! Mama yangu!"

"Mutoto iko wapi?"

"Iko ndani na mama mukwe. Ungojee kidogo tu, Mama. Leo njo anapata jina, atatoka mbele ya bantu bote."

"Ata miye nimungojee?"

"Ata weye, Mama."

Aliimeza hiyo, na baada yake akameza maziwa. Walimpa kikombe kikubwa cha maziwa yaliyogandishwa, ya kusimamisha kijiko, na yeye tumbo lake na maziwa hawajawahi kuelewana. Lakini katika nyumba ya ng'ombe hukatai maziwa. Alikunywa mpaka chini, akatabasamu na sharubu nyeupe, na Papa Makuza, baba yake Bayingana, mzee wa kofia pana na maneno machache, akaitika kwa kichwa kuonyesha ameridhika.

Mama Nyirakamana alitoka ndani, akamsalimia kwa ncha zilezile za vidole. Hakuwa na mtoto mkononi. Eh! Mama Joséphine-Marie aliona huu sasa ndio wakati. Akasimama, akasafisha koo, akasema kwa sauti ya kwaya kwamba kule Kashebere hawana ng'ombe, lakini wana mikono, na kwamba hiki alichokileta ni ili mjukuu wake asisikie baridi na asimsahau bibi yake. Akafungua plastiki. Elodie akashika upande huu, Bayingana upande ule, wakalikunjua blanketi lote kwenye jua.

Mwanzoni watu walisema "Ooo!" kwa rangi zake. Halafu macho yakatulia, yakaanza kuangalia kipande kwa kipande, na sauti zikakatika. Shangazi mmoja aliziba mdomo. Papa Makuza alivua kofia yake taratibu akaiweka juu ya goti. Bayingana aliangalia blanketi, akamwangalia mke wake, na Elodie, ambaye alikuwa amekaa na watu hawa vya kutosha, alifumba macho na kusema chini kwa chini, "Ee Yesu."

Mama Nyirakamana akaja mbele. Alilichukua blanketi kwa upole, akalikunja, akalikunja tena, ng'ombe wakaingia ndani.

"Asante, Mama," akasema. "Tutaiweka."

Tutaiweka! Mama Joséphine-Marie alihisi damu inapanda mpaka kwenye kilemba. Tutaiweka, yaani sanduku, yaani dawa ya mende. Alipita katikati ya wageni, akazunguka nyumba, akaenda kusimama nyuma, mahali wanapoosha mitungi ya maziwa, na hapo akaanza kupanga matusi. Alipanga mazuri, ya Kiswahili na ya Kinyanga, kwa mfuatano wake. Katikati ya kupanga akaanza kulia, na hilo lilimkasirisha zaidi.

"Mama Elodie."

Mama Nyirakamana alikuwa amemfuata, blanketi kwapani.

"Munirudishie," Mama Joséphine-Marie akasema bila kugeuka. "Najua munaiona ni kitu ya bamaskini. Bipande! Hii ya bluu Elodie alisomea ndani. Hii nilimubebea ndani, akanikojolea mugongo muzima. Hii ya majani ni ya mama yangu, Mungu amupumuzishe. Kama haiwatoshi, mi narudia nayo leo leo."

"Apana, Bamwana."

Neno hilo ndilo wazazi wa huko wanaloitana wakishaozeshana watoto wao. Ilikuwa mara ya kwanza anamwita hivyo, na Mama Joséphine-Marie akageuka.

"Bipande biko bizuri," Mama Nyirakamana akasema. "Sijaona kazi kama hii mu maisha yangu. Tabu ni... ni ngombe."

"Ngombe ziko na nini?"

Mama Nyirakamana akatazama huku na huku, kama mtu anayetaka kutaja jambo la aibu. Akafungua pembe moja ya blanketi, akaweka kidole.

"Hii imekufa," akanong'ona. Kidole kikasogea. "Hii nayo, imekufa. Na hii. Na ile."

"Imekufa namna gani? Ni kikwembe!"

"Miguu iko juu, Bamwana. Ngombe muzima, miguu iko chini. Ikiweka miguu juu, basi, imeisha. Siku ile kwetu hakuna mwenye kupika, Papa Makuza hasemi na muntu. Na huyu mutoto ni mwanamuke. Yeye njo ataletea nyumba ngombe siku ataolewa. Sasa anazaliwa leo, na sisi tumufunike na ngombe zenye zimekufa?"

Mama Joséphine-Marie aliyasahau matusi yake yote. Alilichukua blanketi, akalitazama kana kwamba limeshonwa na adui yake, na kweli, aka, walikuwa hapo, wamelala chali kila kona, miguu yao minne mbinguni. Aliwageuza yeye mwenyewe, kwa mkono wake, akiwa juu ya kiti!

"Mama yangu!" akasema. "Mi nilizani... Bamwana, kwetu nyama yenye miguu juu njo sikukuu! Bwana anatoka mu pori, nyama iko juu ya muti, miguu imefungwa juu hivi, batoto banakimbia mbele yake, ata jirani mwenye hamuongeake anakuya kusalimia. Nyama yenye miguu chini, iyo ingali inatembea mu pori. Haiko yako!"

Mama Nyirakamana alimkodolea macho. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Akajaribu kuzuia kwa kitambaa cha kichwa, akashindwa, akaketi juu ya mtungi wa maziwa na kucheka kicheko kikubwa kilichomshangaza hata yeye mwenyewe.

"Kumbe ulituletea karamu!"

"Karamu muzima! Papa Athanase alisema anasikia ata harufu ya nyungu!"

"Usimwambie Papa Makuza! Usimwambie ata siku moja!"

Walicheka mpaka wakashikana. Kila mmoja alipotulia mwenzake alionyesha ng'ombe mmoja kwa kidole, wakaanza upya. Mama Nyirakamana ndiye aliyepata pumzi kwanza, akajifuta macho.

"Mi siku ya ndoa nilikuogopa," akasema. "Ulikuwa unacheka na kila muntu, sauti kubwa, bote banakusikiliza. Nikajisemea: huyu mama ataniona mi niko bure."

Ule msumari wa kiburi ambao Mama Joséphine-Marie alikuwa ameupigilia mwenyewe tangu siku ya ndoa ulitoka bila shoka wala watu wawili. Aliona haya, na aliona furaha, vyote pamoja, akamshika mwenzake mkono mzima, kiganja kwa kiganja.

"Leta makasi," akasema. "Tunazisimamisha sasa hivi."

Lakini kipande kilichokwisha kushonwa na kupigiliwa kwenye tabaka zote hukitoi tena kama jino. Ukikifumua, unafumua na jirani zake, na mchana hautoshi. Njia ni moja, kukata vipande vingine, kukunja pindo zake kwa ndani, na kuvishona juu ya wale waliolala chali kwa sindano ndogo isiyoonekana. Swali likawa ni wangapi. Wale waliolala ubavu, kichwa kushoto, kichwa kulia, Mama Joséphine-Marie aliwatazama kwa hofu.

"Na hawa?"

Mama Nyirakamana aliinamisha shingo, akawakagua.

"Hii inapanda mulima," akaamua. "Na hii inashuka. Uliona tambarare wapi huku Bihambwe? Iko sawa."

Wakabaki wale wa miguu juu tu. Na nguo ya kuwafunika? Ng'ombe wengine walikuwa wamebaki Kashebere guniani. Mama Nyirakamana aliingia ndani, akakaa kidogo, akarudi na mushanana wake, ule mtandio mwepesi wa kujitupia begani siku za sherehe, wa rangi ya waridi, aliouvaa siku alipoolewa na Papa Makuza.

"Apana," Mama Joséphine-Marie akasema. "Iyo hatukate."

"Iko yangu. Kata."

"Bamwana..."

"We ulikata ya mama yako. Mi nikuangalie tu? Kata!"

Nguo hiyo ilikuwa inateleza kama samaki. Ukiipeleka kwenye makasi inakimbilia huku, ukiipanga inakimbilia kule. Mama Joséphine-Marie aliagiza uji mwepesi wa mihogo, akauchuja, akaulowesha mushanana ndani yake, akaupiga pasi ukiwa bado na unyevu. Ukakauka ukiwa mgumu kama karatasi, na ukakatika ulivyoamriwa. "Ukifua, unarudia laini," alimweleza mwenzake, aliyekuwa anatazama kwa mdomo wazi. Akampa sindano, akamwonyesha namna ya kukamata nyuzi chache tu za ukingo na kuzama chini tena. Mama Nyirakamana alijaribu. Mishono yake ilitoka mikubwa, imepinda, mmoja mrefu, mmoja mfupi.

"Iyo ni kushona ao ni kujenga ngazi?" Mama Joséphine-Marie akauliza.

"Niache. Kukamua ngombe, we unaweza?"

"Siwezi. Inaweza kunipiga teke mpaka Walikale."

Papa Makuza alitokea kona ya nyumba, kofia mkononi, kuuliza kama kuna tatizo. Aliambiwa hakuna, wanawasimamisha. Alilitazama blanketi, akawatazama wanawake hao wawili wamekaa chini na miguu wameinyoosha, akarudi kwa wageni, na wakamsikia anaamuru watu waongezewe maziwa. Elodie naye akaja, amesikia kicheko na hakuamini. Alikuwa amembeba mtoto, anayelia kwa njaa ya kubembelezwa.

"Mupatie nyanya yake," Mama Nyirakamana akasema, bila kuinua macho kwenye sindano. "Mikono yake iko tupu, na yangu iko na kazi."

Haikuwa kweli. Mama Joséphine-Marie alikuwa na sindano mkononi kama yeye. Aliichomeka haraka kwenye kilemba, akanyoosha mikono, na mtoto akaingia humo, mzito kuliko alivyodhani, mwenye joto, harufu ya siagi kichwani. Alilia kidogo zaidi, akafungua jicho moja, akamtazama, akanyamaza. Mama Joséphine-Marie alitaka kusema kitu kizuri. Alichoweza ni kulitaja jina la Mungu, mara kadhaa, huku machozi yakimdondokea mtoto kwenye shavu.

Mama Nyirakamana aliendelea kushona, na kwa kila ng'ombe aliyebaki amesimama alimpa mtoto habari zake. Huyu wa kahawia anaitwa Gaju, usimkaribie akiwa na ndama. Huyu mweusi kidogo ni Bihogo, mwizi wa mahindi. Alisema kwa Kinyarwanda, akarudia kwa Kiswahili ili bibi mwingine naye asikie.

Jua lilipoanza kuegemea upande wa pili, walitoka. Blanketi lilikunjuliwa tena mbele ya ukoo, na sasa kulikuwa na miraba ya rangi ya waridi imesambaa kati ya ng'ombe, kama maua katika malisho. Papa Makuza alisimama. Alilizunguka lote, akainama, akapitisha kidole juu ya mgongo wa ng'ombe huyu na yule jinsi anavyofanya sokoni kabla ya kununua. Akavaa kofia yake.

"Ngombe muzuri," akasema.

Mama Nyirakamana alilazimika kugeuka kando na kukohoa. Wageni wakapiga makofi, mtoto akalazwa katikati ya blanketi, majina yakapendekezwa mengi, mengine ya kuchekesha, na Bayingana akachagua Naomie. Mama Joséphine-Marie alipiga vigelegele ambavyo wazee wa huko walisema havijawahi kusikika kwenye mwinuko huo. Maziwa yakaletwa tena. Akanywa tena. Tumbo lake litajijua.

Asubuhi, kabla motari hajafika kumchukua, alikaa kwenye kizingiti na blanketi mapajani. Mraba mmoja wa waridi ulikuwa haujafungwa upande mmoja, jana wageni hawakuwapa nafasi. Ilikuwa kazi ya muda mfupi tu. Alitia uzi, akafunga fundo, na mkono mrefu, mwembamba, ukapita juu ya bega lake ukamnyang'anya sindano.

"Acha ile," Mama Nyirakamana akasema. Aliichomeka sindano kwenye kitambaa chake cha kichwa, juu kabisa, pasipofikika.

"Juu ya nini? Inabakia padogo."

"Ukimaliza, utaenda. Na ukienda, huyu mutoto akikua kidogo ataweka kidole hapa penye hapajashonwa, ataniuliza: nyanya yangu wa Kashebere atakuya lini kumaliza? Mi nitamujibu nini?"

Huko nje pikipiki ilifika, ikapiga honi, ikapiga tena. Ndani, Naomie alianza kulia, na bibi zake wote wawili wakainuka pamoja.

Baadaye alitafuta mahali penye mtandao, juu ya kilima karibu na zizi, akampigia mume wake simu Kashebere. Motari alikuwa ameshaondoka na plastiki tupu.

"Papa Elodie, ujipikie wiki hii," akasema. "Bulangeti haijamalizika."

"Si uliimaliza hapa, nikakuona?"

"Eh," akasema. "Tumeianza upya."